Mkono Uliovimba na Deni la Maelezo

Shangazi yangu alizaliwa katika miaka ya 1950, na juu ya mkono wake wa kushoto ana kovu la chanjo ya ndui, la mviringo, limebonyea katikati. Anaikumbuka siku aliyochanjwa. Watoto walipangwa mstari, mchanjaji akapita, na baada ya siku chache mkono ukavimba, ukatunga usaha, kisha ukakauka. Hakuna aliyeogopa nyumbani, kwa sababu wazazi walikwisha kuambiwa kwamba mtoto ambaye mkono wake hautatoa kidonda atarudishwa achanjwe upya. Kidonda kilikuwa ushahidi kwamba chanjo imeshika.

Mwaka 2022 shangazi huyohuyo alichomwa dozi ya nyongeza ya chanjo ya UVIKO-19, aina ya Moderna. Siku ya tatu mkono wake ulitoa duara jekundu, lenye joto na kuwasha, karibu upana wa kiganja. Alirudi zahanati. Muuguzi, ambaye alikuwa na foleni ndefu mbele yake, alimwambia kwamba hayo ni maudhi madogomadogo na yatapita. Yalipita kweli, katika muda usiozidi wiki moja. Lakini kabla hayajapita, jirani alikwisha kutoa maelezo ambayo zahanati haikutoa: kwamba ile ni sumu inayotafuta pa kutokea. Miezi michache baadaye mjukuu wake alipofikisha umri wa miezi 18, shangazi alisimama kidete asipelekwe kupata dozi ya pili ya surua na rubela.

Tulibishana naye kwa wiki kadhaa. Hakushawishiwa na shahada zangu, na alikuwa na haki ya kutoshawishiwa nazo. Kilichomlainisha ni historia ya ngozi yake mwenyewe, ile ya kovu la kwanza na ile ya duara jekundu, zilipowekwa pamoja. Nilipomaliza aliniuliza swali moja: "Sasa mwanangu, kama walikuwa wanayajua haya yote, mbona hawakusema?" Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo, kwa sababu naamini si la shangazi peke yake.

Tuanze na neno. Chanjo latokana na kitenzi kuchanja, yaani kupasua au kukata. Tunachanja kuni, mganga humchanja mgonjwa chale na kupaka dawa juu ya damu. Sindano ilipokuja tuliendelea kusema kuchanja, ingawa hakuna kinachopasuliwa tena. Lugha yetu ilihifadhi ukweli ambao tiba ya kisasa imeusahau kwa kiasi: kwamba kwa muda mrefu kinga iliingia mwilini kupitia ngozi, na ngozi ndiyo iliyotoa taarifa ya kilichotokea ndani.

Ushahidi huo ulisomwa na Waafrika mapema. Mwaka 1716 Cotton Mather, mhubiri wa Boston katika koloni la Kiingereza la Massachusetts, aliwaandikia wanasayansi wa London juu ya Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake. Alipoulizwa kama aliwahi kuugua ndui, Onesimus alieleza jinsi watu wa kwao walivyochukua usaha wa mgonjwa na kuutia katika mkato mdogo wa ngozi, kisha akaonyesha kovu kwenye mkono wake. Ndui ilipoivamia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston aliijaribu njia hiyo huku wenzake wengi wakimpinga. Waliochanjwa walikufa kwa uwiano mdogo sana kuliko walioambukizwa kwa njia ya kawaida. Boston tutairudia.

Edward Jenner anajulikana kwa siku moja, Mei 14, 1796, alipomchanja mtoto James Phipps kwa majimaji ya ndui ya ng'ombe. Lakini katika kitabu alichokichapisha mwaka 1798 kuna kisa kingine kisichosimuliwa sana. Mwanamke aitwaye Mary Barge aliugua ndui ya ng'ombe akiwa kijana. Miaka 31 baadaye, mwaka 1791, alitiwa usaha wa ndui ya binadamu mkononi. Hakuugua. Ila pale palipochanjwa palitokea wekundu hafifu, ukasambaa, ukatoweka baada ya siku chache. Jenner aliona jambo la ajabu: mwili uliokwisha kupata kinga uliwaka ngozini mapema zaidi kuliko mwili usio na kinga. Hakuwa na nadharia ya kulieleza, lakini alikuwa na uaminifu wa kuliandika.

Nadharia ilikuja zaidi ya karne moja baadaye, kutoka Vienna. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari walikuwa wakitibu dondakoo kwa maji ya damu ya farasi waliopewa kinga. Tiba hiyo iliokoa watoto wengi, lakini baadhi yao, siku 8 hadi 12 baada ya sindano, walitoka upele, wakapata homa na kuvimba viungo. Daktari wa watoto Clemens von Pirquet na mwenzake Béla Schick waliwafuatilia watoto hao na kuchapisha kitabu mwaka 1905. Waligundua kwamba sindano ya kwanza huchelewa kuleta upele, lakini mtoto akichomwa mara ya pili upele huja baada ya siku chache tu, au hata saa chache. Von Pirquet akautazama pia mkono wa mtu anayechanjwa ndui kwa mara ya pili, akaona mpangilio uleule. Mara ya kwanza wekundu huchukua zaidi ya wiki kukomaa. Mara ya pili huwahi, huwa mdogo na hutoweka mapema.

Kwa hiyo muda wa kungoja haukuwa muda wa sumu kuenea. Ulikuwa muda wa mwili kujifunza. Mwili uliokwisha kujifunza hauhitaji kungoja tena.

Mwaka 1906 von Pirquet alilibuni neno la Kijerumani Allergie, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "nyingine" na "kazi". Alitaka jina la mwili uliobadilika namna yake ya kujibu baada ya kukutana na kitu. Ndani ya jina hilo aliweka pamoja kinga na madhara, kwa kuwa aliamini vinatoka katika chimbuko moja. Baadaye dunia ililibana neno hilo likabaki na upande wa madhara peke yake. Sisi tulipolitafsiri tulichagua mzio, neno la zamani linalotaja kitu ambacho mtu amekatazwa kukila au kukigusa. Ni tafsiri nzuri kwa mtu anayedhurika kwa karanga au pweza. Lakini inapotumiwa kwa mkono uliovimba baada ya chanjo, inabeba hukumu kabla ya uchunguzi: ukipata mzio, basi kitu hicho kimekataliwa na mwili wako. Von Pirquet alimaanisha jambo pana zaidi, na wakati mwingine kinyume chake.

Sasa turudi Boston. Machi 2021 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya Kimberly Blumenthal na madaktari wenzake wa Massachusetts General Hospital. Ilihusu watu 12 waliochanjwa Moderna ambao mikono yao, baada ya maumivu ya kawaida ya siku za mwanzo kwisha, iliwaka upya: wekundu mpana, uvimbe, kuwasha. Siku ya kati ya kuanza ilikuwa ya 8. Wote 12 walichanjwa dozi ya pili. Nusu yao hawakurudiwa na uvimbe mkubwa. Watatu walirudiwa kwa kiwango kilekile, na watatu kwa kiwango cha chini zaidi. Waliopata dalili za ngozi baada ya dozi ya pili, siku ya kati ya kuanza ilikuwa ya 2.

Siku ya 8, kisha siku ya 2. Msomaji aliyefuatana nami kutoka Vienna ataona kwamba, ingawa chanjo ni ya teknolojia isiyokuwapo wakati wa von Pirquet, ngozi ilijibu kwa kalenda ambayo angeitambua. Kipande cha ngozi kilichochunguzwa kwa darubini kilielekeza kwenye mwitikio wa kuchelewa, unaoongozwa na seli za kinga zenye kumbukumbu. Madaktari wale waliandika kwa sababu mbili: watu wasiogope kumalizia chanjo, na madaktari wengine wasiudhanie wekundu huo kuwa ni maambukizi ya bakteria na kugawa antibiotiki bila sababu. Baadaye mwaka huohuo sajili ya madaktari wa ngozi ilikusanya taarifa za watu 414 waliopata dalili za ngozi baada ya kuchanjwa Moderna au Pfizer. Kati ya waliopata dalili kwenye dozi ya kwanza, chini ya nusu walirudiwa kwenye ya pili, na hakuna katika sajili hiyo aliyepata madhara makubwa.

Hapa ndipo swali la shangazi linapochoma. Katika majaribio makubwa ya chanjo ya Moderna, kabla haijaruhusiwa, wekundu wa siku ya 8 na kuendelea ulikwisha kuonekana: kwa asilimia 0.8 ya washiriki baada ya dozi ya kwanza, na asilimia 0.2 baada ya ya pili. Haikuwa siri, kwani takwimu zilichapishwa. Lakini kuchapisha takwimu katika ripoti ya Kiingereza ni jambo moja, na kumwambia mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati ni jambo jingine.

Sitaki msomaji anielewe vibaya, akadhani kila upele ni salamu njema kutoka kwa mfumo wa kinga. Historia haituruhusu kusema hivyo. Mwaka 1963 Marekani iliruhusu chanjo mbili za surua, moja ya virusi hai vilivyodhoofishwa na nyingine ya virusi vilivyouawa. Mamia ya maelfu ya watoto walipewa ile ya virusi vilivyouawa. Miaka michache baadaye, baadhi yao walipokutana na surua yenyewe, waliugua kwa namna isiyo ya kawaida: homa kali, nimonia, na upele ulioanzia mikononi na miguuni badala ya usoni. Wengine walipopewa chanjo hai walivimba vibaya pale palipochomwa. Ngozi ilikuwa inasema kwamba mwili umefundishwa vibaya. Madaktari walisikiliza, wakaandika, na mwaka 1967 chanjo hiyo iliondolewa. Chanjo ya surua tunayowapa watoto wetu leo ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, si ile. Lakini isingejulikana hivyo kama malalamiko ya wazazi wa wakati ule yangefungiwa ndani ya maneno "maudhi madogomadogo".

Vivyo hivyo kwa dozi za nyongeza za UVIKO-19. Madaktari wa Uswisi walianza kuona watu waliotokwa na mabaka yanayowasha takriban siku 10 baada ya dozi ya nyongeza, hasa ya Moderna, na kwa baadhi yao mabaka yaliendelea kurudi kwa zaidi ya wiki sita. Hali hiyo haiui, lakini mtu asiyelala kwa kujikuna hawezi kuambiwa kwamba ni dogo. Ilijulikana kwa sababu wagonjwa walilalamika, madaktari waliandika, na mamlaka zilihesabu.

Dola na ngozi za raia zina historia yao pia. Uingereza ilifanya chanjo ya ndui kuwa lazima kwa watoto wachanga mwaka 1853, na baadaye ikawatoza faini wazazi waliokataa. Wakati huo majimaji ya chanjo yalihamishwa kutoka mkono wa mtoto mmoja kwenda wa mwingine, na pamoja nayo yaliweza kuhama magonjwa mengine, hata kaswende. Wazazi walilalamika juu ya vidonda hivyo na kuitwa wajinga. Mwaka 1885 maelfu waliandamana katika mji wa Leicester. Hatimaye sheria ya mwaka 1898 iliwaruhusu wazazi kukataa kwa sababu za dhamiri, na wakati huohuo ikapiga marufuku kuhamisha chanjo kutoka mkono hadi mkono. Wapinzani walikosea kwa kuikana chanjo yenyewe, lakini kuhusu vidonda walikuwa na hoja. Serikali ilipoteza miaka mingi kwa kukataa kutenganisha mambo hayo mawili.

Na kuna gharama ya siri. Mwaka 1890 Robert Koch, bingwa wa bakteria duniani, alitangaza mjini Berlin kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, lakini hakusema imetengenezwa kwa nini hadi mwaka uliofuata. Wagonjwa walimiminika Berlin. Wengi hawakupona na wengine walikufa. Dawa hiyohiyo, tuberkulini, ilikuja kupata kazi yake ya kweli mwaka 1907, von Pirquet alipoiweka kidogo tu kwenye ngozi na kusoma wekundu wake ili kujua nani amewahi kuambukizwa. Koch mwenyewe alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, ambako mwaka 1906 na 1907 aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili, na baadhi yao walipofuka. Anayeshangaa kwa nini sindano inaogopwa katika ukanda wetu asianzie kwenye mitandao ya kijamii. Aanzie huko.

Kisha aje nyumbani. Januari 27, 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alizitilia shaka hadharani chanjo za UVIKO-19. Alifariki dunia Machi mwaka huohuo. Julai 28, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera jijini Dar es Salaam, baada ya kupokewa shehena ya zaidi ya dozi milioni moja za Johnson & Johnson kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Kwa maoni yangu uamuzi wa Julai ulikuwa sahihi. Lakini tazama kilichobaki vilevile kati ya Januari na Julai. Mara ya kwanza raia aliambiwa aogope bila maelezo. Mara ya pili aliambiwa asiogope, na maelezo yakabaki haba. Katika nyakati zote mbili alihesabiwa kuwa mtu wa kuelekezwa, si mtu wa kuelezwa.

Maneno "maudhi madogomadogo" ni zao la mtazamo huo. Sidai kwamba aliyeyabuni alikuwa na nia mbaya, alitaka kutuliza. Lakini maudhi ni kero, na kero huvumiliwa, haiulizwi. Maneno hayo hayasemi nini kitatokea, siku ya ngapi, kitadumu muda gani, na ni dalili ipi isiyo ndogo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha wekundu wa mkono hauawi na wekundu huo, ila anaumbuliwa na jirani mwenye maelezo yaliyo tayari.

Linganisha na mchanjaji wa utotoni mwa shangazi. Sina hamu ya kuutukuza utawala wa kikoloni, ambao ulichanja watu bila kuwaomba ridhaa. Lakini katika jambo hili moja mtoto alikwenda nyumbani akijua mkono wake utafanya nini. Mkono wa mwaka 2022 ulifanya kidogo kuliko ule wa utotoni. Haukutunga usaha, haukuacha kovu. Hata hivyo ule wa kwanza ulileta imani, na huu wa pili ulileta hofu. Tofauti haikuwa katika ngozi. Ilikuwa katika kile kilichosemwa kabla.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wafikirie jambo lisilo na gharama kubwa. Kabla ya sindano, mtu aambiwe sentensi nne kwa Kiswahili chepesi. Kwamba mzio wa hatari ni nadra na kwa kawaida huja haraka, ndiyo maana anaombwa akae dakika 15 kabla ya kuondoka. Kwamba mkono unaweza kuuma siku mbili tatu, na kwa wachache ukavimba upya baada ya wiki moja, jambo ambalo kwa kawaida hupita lenyewe. Kwamba uvimbe wa midomo, kushindwa kupumua, homa isiyoshuka au mabaka yasiyokoma ni sababu ya kurudi mara moja. Na kwamba akirudi, taarifa yake itaandikwa na kufikishwa kunakohusika, ikiwemo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa kuwa malalamiko yake ni data.

Wanaharakati wana kazi yao pia. Kudai uwazi juu ya madhara ya chanjo si kuipinga chanjo, na tusikubali kusukumwa kwenye uwanja huo, wala tusiwaachie wapotoshaji mada hii kana kwamba ni mali yao. Na kwenu wanafunzi wangu: historia ya tiba iliyo kwenye maktaba zetu ni ya wagunduzi. Ya mikono iliyochanjwa haijaandikwa. Wazee wenye kovu la ndui bado wapo, ila si kwa muda mrefu. Chanjo ile ilikoma baada ya dunia kutangazwa huru na ndui Mei 1980, na kila mwaka makovu hayo yanapungua. Nendeni mkawaulize waliambiwa nini siku ile, na nani aliwaambia.

Mjukuu wa shangazi alipata dozi yake ya surua na rubela akiwa amechelewa kwa miezi mitatu. Shangazi mwenyewe ndiye aliyempeleka. Aliniambia kwamba kabla mtoto hajachomwa alimwomba muuguzi amweleze mkono huo utafanya nini na siku ya ngapi. Muuguzi aliweka kadi ya kliniki chini, akamweleza. Ilimchukua kama dakika moja.